Santuri Nne Juu ya Kichanja cha Vyombo

Harufu ya plastiki iliyosahauliwa kwenye jua la Voi mimi huinusa kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani kwangu. Beseni likiachwa uani saa saba mchana, au chupa tupu kwenye kiti cha gari, mimi hutoka mbio kama niliyeambiwa nyumba inaungua. Watoto hunicheka. Mume wangu ameshazoea, yeye huinua miguu tu ili nipite. Hakuna aliyewahi kuniuliza sababu, nami sikuwahi kuitoa, maana ni aibu ya miaka zaidi ya thelathini, na aibu ikikaa hivyo mtu huona ni sehemu ya mwili wake.

Novemba iliyopita nilikuwa jikoni nachambua mchicha. Binti yangu Wakesho, aliye kidato cha tatu na anayeamini kwamba muziki ulianza mwaka aliozaliwa yeye, alikuwa sebuleni na simu. Alikuwa ameokota mtandaoni orodha ya albamu za zamani za soul na bluzi ambazo, kwa maneno ya aliyeiandika, haifai mtu afe bila kuzisikiliza. Alikuwa akizionja moja moja kama mgeni anayeonja mboga za wenyewe.

"Mum, kuja uskie hii," akaniita. "Ni ya kitambo lakini iko sawa kabisa."

Sikwenda. Besi ilianza peke yake, taratibu, ngoma zikafuata, kisha sauti ya mwanamke ikaingia bila kubisha hodi, na mchicha ukaniponyoka. Nilimjua kabla hajamaliza neno la kwanza. Lakini jambo lililonishtua ni kwamba sauti yake ilikuwa imenyooka. Haikupanda, haikushuka, haikuyumba hata mara moja. Nikakaa chini sakafuni, mama mzima, mwalimu wa watu, nikalia mpaka Wakesho akaja kunitazama mlangoni na kuizima simu akidhani nimepata habari za msiba.

Basi nitawaeleza ninyi nilichoshindwa kumweleza yeye siku ile.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alitoka upande wa Bungoma akiwa kijana asiye na ndevu, kazi ikamleta Voi, na hapo akampata mama, msichana wa Chawia, huko milimani, aliyekuwa akiteremka na mboga zake sokoni. Tuliishi kwenye kota za reli, chumba kimoja na jikoni, katika vumbi jekundu ambalo hata ulifagie namna gani lilikuwa limeshatangulia kurudi ndani. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee. Nilipewa jina la mama yake baba, Nekesa, na kwa hiyo baba hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Mayi, yaani mama kwa lugha yao, nami kwa miaka yangu kumi nilijiona kweli nina mamlaka fulani juu yake.

Kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu. Gari la moshi likisimama, baba alipita kando yake kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho akiwa na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga kila gurudumu. Gurudumu zima hulia kama kengele. Gurudumu lenye ufa, hata ule ufa ambao jicho haliuoni, hutoa sauti iliyokufa, kama chungu kilichopasuka. Akilipata hilo, behewa lile haliendi popote. Abiria walikuwa wakinunua mayai ya kuchemsha madirishani bila habari kwamba roho zao zinapigiwa hodi huko chini na mtu mmoja mwembamba mwenye kofia iliyokunjika.

Siku za likizo nilimpelekea chakula kwenye yadi, naye aliniruhusu kugonga moja au mawili. Hapo ndipo aliponifundisha neno ambalo amelirudia maisha yake yote. "Gurudumu moja likilia vibaya, kasoro ni ya gurudumu," alisema. "Yote yakilia vibaya, Mayi, kasoro ni yako." Alilitumia kwa kila kitu. Mama akigombana na jirani mmoja, baba alinyamaza. Akigombana na wa tatu ndani ya wiki hiyohiyo, baba alimwambia aikague nyundo yake.

Kitu cha fahari nyumbani kwetu kilikuwa radiogramu, lile sanduku kubwa la mbao lenye redio upande mmoja na kicheza santuri upande wa pili, na kifuniko kizito juu yake. Baba aliinunua kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akihama, ikaja kota kwa mkokoteni, watoto tukiifuata nyuma kama arusi. Ndani yake mlikuwa na santuri saba, zote za Wamarekani weusi, zote soul na bluzi. Majina ya Kizungu yalitushinda, basi tukazipa majina kwa picha za majalada.

Nne kati ya hizo ndizo zilizokuwa roho ya nyumba. Kulikuwa na Mama Manjano, mwanamke mnene mwenye gauni la rangi hiyo, anayeimba kama anayemgombeza mtu anayempenda sana. Kulikuwa na Wale Watano, vijana wenye suti za kijivu, ambao mmoja huomba msamaha na wanne waliobaki humsaidia kuomba. Bwana Ndevu alikuwa na sauti iliyotoka chini ya kitanda, na mama alikataa isipigwe wachungaji wakiwapo. Na Mzee wa Kreti, aliyepigwa picha ameketi juu ya kreti akiwa na gitaa, hakuimba zaidi ya kulalamika, lakini alilalamika vizuri mno. Kama una nafasi ya kusikiliza santuri za namna hii, nakushauri uanze na upande wa pili. Upande wa kwanza ni wa kuuzia. Upande wa pili ndio mwimbaji amejisahau.

Kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla ya chai, baba alifungua kifuniko, akaweka santuri, akakifunga, kisha akaweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya mbao na kufumba macho. Nilikuwa nimewaona wazee wa kanisa wakiwawekea wagonjwa mikono hivyohivyo, kwa hiyo nilidhani anaibariki. "Sikilizeni besi kwanza," alituambia. "Maneno ni ya wenye haraka. Mwimbaji anaweza kukudanganya, lakini besi haidanganyi." Mpaka leo mimi husikiliza hivyo, na wanafunzi wangu hushangaa mwalimu anayesikia wimbo kuanzia chini.

Kulikuwa na jambo moja la adabu nyumbani ambalo mama alilishikilia kuliko sala. Baba haitwi kwa mgongo. Ukimtaka, unazunguka mpaka mbele yake, unasimama anapokuona, ndipo unasema. Nilipigwa kofi mara mbili kwa kusahau. Niliona ni heshima ya watu wa bara, au labda ya Wadawida, watu wa mama, kila mmoja alinipa jibu lake. Nilipoona watoto wengine kota wakiwapigia baba zao kelele kutoka uani, niliwahurumia kwa kukosa malezi.

Sasa njooni kwenye Jumamosi yenyewe.

Mama alikuwa sokoni kuuza ndizi, baba kazini. Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kuosha vyombo vyote, hata vile ambavyo havikutumika, kwa sababu ya vumbi. Nilivisugua, nikavipanga juu ya kichanja uani, vikang'aa, na nikajipenda. Mtu akishajipenda hivyo hutafuta kazi nyingine ya kujipenda zaidi. Nikakumbuka kwamba Jumapili iliyopita Mzee wa Kreti alikuwa akikwaruza, na mama alisema ni vumbi. Nikafungua radiogramu. Nikachukua zile nne, nikazitumbukiza kwenye beseni la sabuni ya unga, nikazipitishia kitambaa laini kwa upole kama ninayeosha mtoto mchanga, nikazisuza maji mawili. Kisha nikazilaza juu ya kichanja kando ya sufuria zikauke, nikaenda mferejini kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu. Tulicheza kati kidogo, ule mchezo wa kukwepa mpira.

Harufu ilinipokea kabla sijaingia uani. Nilipofika pale kichanjani ndoo iliteleza kichwani, maji yakanimwagikia mwili mzima, wala sikuhisi. Santuri zilikuwa zimelala juu ya fito za kichanja zimelegea, kingo zimening'inia kama chapati iliyotundikwa kwenye kamba. Nilimgusa Mama Manjano, akakunjika. Nilipiga yowe, nikajiziba mdomo mwenyewe kwa mkono wenye maji.

Woga humpa mtoto akili za ajabu. Zilikuwa bado moto na laini, basi nikazilaza sakafuni kwenye saruji, nikaweka leso ya mama chini na nyingine juu, nikapanga ndoo mbili za maji na jiwe la kusagia juu yake, na mimi mwenyewe nikakaa juu ya jiwe. Zilipopoa zilikuwa zimenyooka. Nilizitazama kwa jicho moja, kwa jicho la pili, upande huu na ule. Ungeapa ni zilezile. Nikazirudisha kwenye majalada yake, nikakausha sakafu, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Jumapili baba akamchagua Mama Manjano. Akaweka, akafunga kifuniko, akaweka kiganja chake, akafumba macho.

Sijui niwaeleze vipi sauti iliyotoka mle. Mama Manjano alianza vizuri kwa pumzi moja, kisha akazama, akapanda, akazama tena, kama mtu anayeimba akiwa juu ya punda mlevi. Vinanda vilimfuata shimoni na kutoka naye. Nilimtazama mama, na mama alikuwa ameinua uso kutoka kwenye mchele, mdomo wazi. Tukasubiri baba afungue macho.

Baba akatabasamu.

Alitabasamu kuliko Jumapili nyingine yoyote, meno yote, akitikisa kichwa kwa mapigo. Wimbo ulipokwisha aliondoa santuri bila kuitazama, akamweka mmoja wa Wale Watano, maana ndivyo tulivyosema, "weka mmoja wa Wale Watano," ijapokuwa walikuwa santuri moja. Nao wakayumba. Ule msamaha wao ukasikika kama kilio cha mbuzi watano. Baba akatabasamu zaidi. "Leo wameimba," akasema, akaamka, akaenda nje kunawa mikono.

Nilikuwa nimepigwa na butwaa, na katika butwaa lile jambo moja lilianza kunijia polepole kutoka mbali. Nikatoka nyuma yake. Alikuwa ameinama kwenye karai, mgongo kwangu. Nikachukua kifuniko cha sufuria kubwa, nikakiachilia kwenye zege hatua mbili kutoka kisigino chake. Kuku walitawanyika. Jirani aliuliza dirishani kuna nini. Baba aliendelea kunawa mikono yake, kidole kwa kidole.

Baba yangu hakuwa akisikia.

Mama alinishika sikio na kunivuta jikoni. "Hiyo santuri umefanyia nini?" Nikaungama yote, nikingoja kichapo. Hakunipiga. Aliketi kwenye kigoda, na alipozungumza alinong'ona, jambo ambalo sasa naona halikuhitajika.

"Ni mwaka wa nne sasa. Zile nyundo na ving'ora. Ilianza kidogo kidogo. Anasoma midomo, anafikiri sijui."

"Na wewe hujamwambia unajua?"

"Nimwambie ndio ajisikie aje? Kwa hii nyumba tumepewa kwa sababu ya kazi?" Akanishika mabega. "Hiyo santuri usiseme. Umeskia? Muziki ndio kitu anaona bado iko naye. Ukimwambia imeharibika na hakujua, utakuwa umemwambia yeye ni kiziwi. Hautasema, Nekesa."

Lakini mimi nilikuwa nimeshafika mahali pengine kabisa. Mama alikuwa na safari yake ya kila Jumatano. Alipanda gari la asubuhi kwenda Taveta kununua ndizi, na anayegonga magurudumu ya gari hilo, akiyasikiliza, alikuwa baba.

"Na magurudumu?" nikauliza.

Mama aligeukia sufuria yake. "Anayajua kwa mkono. Mkono unahisi mpini. Mimi napanda hiyo gari kila wiki, si unaona narudi?"

Jamani, nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kichanjani. Alijua, na alikuwa akipanda. Miaka minne alikaa dirishani na vikapu vyake huku mume wake kiziwi akipita chini akigonga, na mama akimpungia mkono. Sikujua kama huo ni upendo au wazimu. Usiku ule nilimwomba Mungu gari la Taveta liharibike lenyewe kabla ya Jumatano.

Jumatatu baada ya shule nilimpelekea baba chakula yadini. Gari la mizigo lilikuwa limesimama, naye alikuwa katikati yake. Nilikaa kwenye kivuli nikamwangalia kwa macho mapya. Aligonga gurudumu, akasimama. Akaligonga tena. Akaweka kiganja juu ya chuma, akakitoa, akakitazama, akajifuta kwenye suruali, akagonga mara ya tatu. Kisha akarudi nyuma kwenye behewa alilokwisha kulimaliza na kuanza upya. Sikuwahi kumwona akirudi nyuma. Dereva alichungulia na kumuuliza kwa ishara kama kuna shida, na baba akatikisa kichwa. Uso wake ulikuwa na jasho ambalo si la jua.

Jumanne nilipotoka shule nilimkuta nyumbani, ameketi kitandani na viatu vyake. Nyundo yake ilikuwa na mahali pake nyuma ya mlango, na pale palikuwa tupu, ukuta una alama tu ya mpini.

"Nimerudisha nyundo," alimwambia mama, ambaye alikuwa amezunguka kusimama mbele yake. "Mkono umechoka."

Mama alimvua viatu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla wala baada.

Mwezi haukuisha tukatakiwa kuacha nyumba. Kurudi Bungoma hakukuwezekana, shamba lilikuwa limekwisha gawanywa, basi tukapanda Chawia kwa wazazi wa mama. Hamjui maana ya mwanamume kuishi ukweni kwake mpaka mmuone akiomba ruhusa ya kukata mti. Baba alilima kabichi na viazi kwenye kipande alichopewa, kwenye mteremko mkali ambao mtu akijikwaa huteremka na mazao. Watoto walimwita Bwana Reli wakicheka, nyuma yake, kwa kuwa waligundua upesi kwamba nyuma yake ni salama. Radiogramu ilipandishwa mlimani kwa lori la mbao. Umeme haukuwepo, na ulipokuja miaka mingi baadaye, baba alikataa isiunganishwe. Ikawa kabati la vyombo.

Na mimi? Mimi nilifurahi. Haya ndiyo yanayonichoma. Nililia kuiacha Voi na rafiki zangu, lakini moyoni niliona Mungu amenijibu. Mama hakupanda tena gari la Taveta. Nilijipangia maelezo yangu: baba ameona kuwa hasikii, ameogopa kuua watu, ameacha kazi kama mtu mwaminifu. Nilipokuwa mwalimu niliisimulia darasani mara nyingi, bila kutaja jina, kama somo la uaminifu. Wanafunzi waliipenda. Sehemu ya kichanja sikuiweka.

Mama alitutoka miaka minne iliyopita, akiwa ameitunza siri ile. Baba sasa ni mzee sana, hasikii hata radi, na tunazungumza naye kwa daftari. Mimi naandika, yeye anajibu kwa mdomo kwa sauti kubwa ambayo Chawia yote inaijua.

Desemba tulipanda kwenda kumwona. Tangu siku ya mchicha nilikuwa na wazo, nikamwomba Wakesho abebe spika yake, ile ya duara inayounganishwa na simu. Tuliiweka juu ya kifuniko cha radiogramu, tukisogeza vikombe. Nikamzunguka baba mpaka mbele yake, nikachukua mkono wake wa kulia, nikauweka kwenye mbao. Wakesho akamfungulia Mama Manjano, upande wa pili.

Nilitaka kumfurahisha tu. Nilitaka kulipa kidogo kabla sijachelewa.

Baba alifumba macho. Kisha akafungua macho, akaniangalia kama mtu aliyeona mfu akitembea.

"Mayi," akasema kwa nguvu, majirani wakasikia. "Mkono umerudi!"

Sikumwelewa. Nikachukua daftari nikaandika: Mkono ulikwenda wapi?

Akacheka, machozi yakimtoka, na akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu. "Jumapili ile kule Voi. Nilimweka huyu, nikahisi anayumba chini ya kiganja. Nikasema labda ni santuri. Nikaweka wengine, nao wakayumba. Nikatabasamu sana ili mama yako asione. Masikio yalikuwa yamekwisha siku nyingi, nilikuwa nafanya kazi kwa mkono, na mkono haukuwahi kunikosesha, hata gurudumu moja. Lakini wote wakiyumba? Kasoro ni yangu. Jumatatu nikagonga magurudumu, nikayahisi yote yanayumba. Mama yako alikuwa apande Jumatano." Akakitazama kiganja. "Nikarudisha nyundo."

Wakesho aliniuliza kwa nini nimebadilika uso hivyo. Puani mwangu, huko juu mlimani kwenye ukungu na baridi, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua.

Alikuwa amehisi. Yule mtu tuliyemficha ili asijue kwamba hasikii alikuwa ndiye peke yake aliyesikia sawasawa siku ile. Mkono wake haukukosea hata kidogo. Ulimwambia ukweli, na kwa kuwa hakuna mtu nyumbani aliyemwambia ukweli mwingine, akauhukumu mkono.

Ningeweza kunyamaza. Mama angenyamaza. Mkono umerudi, mzee amefurahi, yatosha. Lakini nilikuwa nimeona kazi ya kunyamaza. Nikaandika, na herufi zangu zilikuwa mbaya kuliko za darasa la kwanza: Baba, mkono haukwenda popote. Jumamosi iliyotangulia niliziosha santuri nikazianika kichanjani. Zilipinda. Nilizinyoosha kwa ndoo. Tulijua. Hatukukwambia.

Alivaa miwani. Alisoma mara moja, akasoma tena kidole kikifuata neno kwa neno. Aliinuka, akafungua kabati lile la vyombo, na kutoka nyuma ya sahani akatoa jalada la manjano lililofifia. Akatoa santuri, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaishika usawa wa jicho kama anayekagua reli, na akaizungusha polepole mpaka akauona ule mkunjo mdogo kwenye ukingo. Miaka yote hiyo hakuwahi kuitazama, kwa sababu alichokishuku ni mkono wake.

Nilikuwa nimepiga magoti bila kujua. Nilingoja anigombeze, na laiti angenigombeza.

Baba aliiweka santuri chini. Akauinua mkono wake wa kulia, akaugeuza, akakitazama kiganja na mistari yake yote, kisha akaushika kwa ule wa kushoto kama mtu anayemshika mwenzake aliyehukumiwa bure.

"Pole," akauambia.

Kisha akaniinua, akakirudisha kiganja juu ya mbao, na akamuuliza Wakesho kwa sauti yake kubwa kama Wale Watano nao wamo kwenye simu.